Kura ya Ishirini na Moja ya Mirimu

"Prado jeusi liko nyuma yetu tangu Shanzu," Kaviha alisema. "Mzee, inama."

"Nina miaka themanini na moja," alijibu Mzee Habib. "Nikiinama, kuniinua ni kazi yako."

Hata hivyo aliinama, kofia yake ya vito, iliyodariziwa kwa mkono, ameishika isije ikapondeka.

Kaviha alikanyaga mafuta. Probox ikanguruma. Bastola yake ya Glock ilikuwa chini ya paja lake, imefunikwa na gazeti. Kazi ya ujasusi ilikuwa imemkausha. Hakuogopa, wala hakufurahi.

Mzee alikuwa mbunge wa visiwa vya Mirimu, nchi ya watu elfu tisini. Saa nane mchana bunge lao lingeamua: wabaki na bendera yao, au wajiunge na jirani mkubwa. Ishirini walitaka kubaki, ishirini kujiunga. Habib alikuwa amevuka bahari kuja Shanzu kutolewa mtoto wa jicho. Asipofika, spika angeamua, na spika alikuwa mtu wa jirani.

Ndege ilimngoja uwanjani Changamwe.

Simu ikalia. Bi Sumeya, mkuu wa Kaviha.

"Daraja la Nyali halipitiki. Kata kulia Utange, nenda Mwakirunge, kwenye machimbo. Helikopta iko tayari."

Sauti ilikuwa yake, hata kile kikohozi chake kidogo. Kaviha akawasha indiketa.

"Bi Sumeya," aliita, kwa mazoea.

"Naam."

Kaviha akazima indiketa.

Mwanamke aliyelelewa pwani akiitwa husema abee. Naam ni jibu la wanaume. Bi Sumeya hakuwahi kukosea hata akiwa na homa. Huyu alikuwa mwanamume, anasema kupitia mashine ya kugeuza sauti, na adabu ya kwao ilikuwa imemponyoka. Njia ya leo ilijulikana na mwanamume mmoja tu ofisini: Mbarak wa Likoni, aliyewahi kumbeba Kaviha mgongoni akivuja damu.

Kaviha alingoja uchungu. Haukuja.

"Nimesikia," alisema, akakata simu.

Akapita Utange bila kupunguza mwendo. Prado likaongeza kasi.

Sokoni Kongowea alijipenyeza kati ya malori ya vitunguu, akasimama penye mkokoteni wa Katana, hamali rafiki yake.

"Nina mzigo. Upeleke mlango wa nyuma."

"Mzigo umevaa kanzu safi kunishinda," alisema Katana. "Haya babu, panda. Kabichi hazilipi nauli."

Wakamfunika magunia, pua tu ikaachwa.

Prado likafika. Wanaume wawili wakashuka, wakachungulia Probox. Tupu.

Kaviha alikuwa nyuma yao, Glock mkononi.

"Bunduki chini. Polepole, msiponde nyanya za watu."

Askari wa soko wakawafunga kwa kamba za magunia. Kaviha akapiga simu ya mezani ya ofisi.

"Bi Sumeya."

"Abee."

"Mbarak ametuuza. Amepiga kwa sauti yako."

"Una hakika?"

"Nilimwita jina lako. Akasema naam."

"Nitamshika mwenyewe," alisema Bi Sumeya.

Mlango wa nyuma pikapu ya kabichi ikawachukua, ikawafikisha Changamwe saa sita kasoro. Penye ngazi ya ndege Mzee alijipangusa kanzu.

"Hukuniuliza nitapiga kura gani."

"Si nchi yangu."

"Nikisema tujiunge?"

"Ningekuleta vilevile."

Mzee akavaa kofia yake, akapanda.

Ndege ikaruka. Redio ya Kaviha ikakwaruza. Bi Sumeya.

"Tumempata Mbarak. Anaomba kusema nawe."

"Mimi siji. Ila mpeni chakula, asilale na njaa," alisema Kaviha. Akazima redio, akaenda kununua chai.