Herufi Moja, Maana Mbili

Kila asubuhi kabla ya shule, Mpelelezi aliosha vyombo huku akimwangalia mdogo wake mchanga wakati mama anaoga. Jina hilo alibandikwa na baba yake. Akipewa maziwa huyanusa kwanza, na akiambiwa leo hakuna shule huenda hadi getini kuhakikisha.

Asubuhi moja mfuniko wa sufuria ulimponyoka ukaanguka sakafuni kwa kishindo. Paka alitoka mbio. Mtoto, aliyelala karibu na karo huku macho yake yakiwa wazi, hakupepesa hata jicho.

Mpelelezi aliuokota mfuniko, akauangusha tena, safari hii kwa makusudi. Mtoto aliendelea kunyonya kidole.

Mama alipotoka bafuni na kuelezwa, alisema mtoto ana usingizi mzito kama baba yake.

"Hakuwa amelala, mama. Alikuwa anaangalia dari."

"Basi anakupuuza, kama unavyonipuuza mimi. Osha vyombo."

Lakini jioni Mpelelezi alimkuta mama amejibanza nyuma ya kitanda cha mtoto, anapiga makofi. Mama alipomwona binti yake, akajifanya anaua mbu.

Siku ya chanjo, mama alimweleza nesi wa kliniki wasiwasi wake kwamba mtoto hasikii. Nesi alitazama kompyuta yake, akasema masikio ya mtoto yalishapimwa hospitali alikozaliwa, majibu yalitumwa, na hana tatizo. Hata macho hakuinua. Foleni ilikuwa ndefu, na Mpelelezi akamshuku palepale kwamba anataka tu kuwaondoa.

Waliporudi nyumbani alimnong'oneza rafiki yake wa jirani kwamba nesi yule ni mwongo. Rafiki alimwambia mama yake, na kabla ya giza kuingia kila aliyekuja bombani kuteka maji alikuwa na habari ya nesi mwongo. Ikamfikia mama.

"Ulimwona akidanganya, au ulimdhania?"

Mpelelezi aliinamisha kichwa. "Nilimdhania."

"Kesho utamuuliza mwenyewe, mbele yangu, kwa adabu."

Habari za bombani zilikuwa zimefika kliniki kabla yao. Nesi aliitikia shikamoo kwa ubaridi. Mpelelezi aliomba kuoneshwa mahali palipoandikwa kwamba mtoto hana tatizo. Nesi aligeuza kioo cha kompyuta. Mbele ya neno "masikio" palikuwa na herufi moja tu: R.

"R ni nini, shangazi?"

"Ruhusiwa. Yaani mtoto yuko salama, aende nyumbani."

"Na kule hospitali, R yao pia ni ruhusiwa?"

Nesi aliitazama tena ile herufi. Akachukua simu, akapiga hospitali. Mpelelezi alisikiliza kila neno, bado akimtilia shaka, mpaka alipomwona nesi akishika meza.

"Kwao R ni rudia," alisema nesi alipokata simu. "Kipimo cha masikio kirudiwe. Mimi nimesoma ruhusiwa kwa watoto wote waliotoka kule."

Kompyuta mbili zilipeana herufi ileile, ila kila moja ilikuwa na maana yake. Siku hiyohiyo nesi aliwatafuta wazazi wa kila mtoto mwenye R, na hospitali na kliniki zikakubaliana kutumia alama za aina moja, zenye maana moja kila mahali.

Mdogo wake Mpelelezi alipimwa upya, ikaonekana anasikia kwa shida. Daktari alisema wamewahi. Angechelewa kusaidiwa, hata kuongea kungemwia vigumu. Akavalishwa vifaa vidogo vya kukuza sauti. Mpelelezi alimwomba nesi radhi, kisha mama akampeleka bombani akaseme mbele ya wote kwamba yeye ndiye aliyesema uongo.

Asubuhi moja mfuniko ulimponyoka tena. Mtoto alishtuka, akaangua kilio cha kuamsha mtaa. Mama alitoka bafuni mbio, povu likiwa bado masikioni, akambeba na kucheka huku machozi yakimtoka.

"Sikiliza, Mpelelezi," alisema. "Kushuku si kosa. Ulipomshuku nesi ukaenda kumsema kwa watu, ulimchafua bure, na mdogo wako hakupata nafuu yoyote. Ulipomuuliza anayehusika, ukamsaidia huyu na watoto wengine. Ukiwa na shaka, uliza. Sasa osha vyombo."