Kola ya Bi. Hou

Mkunga Pang, aliyeyaona haya kwa macho yake, ndiye aliyemhadithia nyanya yangu, na nyanya hakuwa mtu wa kutia chumvi.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya tatu kutoka kwetu, nyuma ya miforosadi. Asubuhi moja Qiuniang, mimba ikiwa changa, alikaa uani akimshonea mama mkwe wake, Bi. Hou, nguo za kuzikiwa. Mwaka ule, kwa kalenda yetu ya mwezi mwandamo, ulikuwa na mwezi wa ziada, na huo ndio mwezi wa kushona nguo hizo ili mwenyewe aishi sana. Bi. Hou aliketi kando akitafuna mbegu za maboga na kumtemea maganda miguuni.

"Tabaka saba. Vifungo sitaki, kamba tu. Na ole wako unitilie unyoya! Anayezikwa na manyoya hurudi na miguu minne."

"Ndiyo, Mama."

"Na hilo tumbo likitoa jike tena, litakwenda kulikokwenda lile la kwanza."

La kwanza alilizamisha kikongwe mwenyewe kwenye ndoo, siku ile ile lilipozaliwa. Qiuniang alisikia kilio kimoja tu.

Kikongwe alipoingia ndani, Qiuniang alimwita mbwa wa uani, yule wa kijivu, akamkata manyoya ya shingoni konzi moja. Akayashindilia ndani ya kola, akashona mishono ya karibu karibu. Tuseme kweli, alifurahi.

Bi. Hou hakuumaliza msimu wa baridi. Siku ya mwisho Qiuniang na Mkunga Pang walimvika nguo zile kabla roho haijatoka, kama inavyotakiwa. Qiuniang akakunja upande wa kulia juu ya kushoto, wafu wavaavyo, akafunga kamba.

Kikongwe akaipapasa kola. Taratibu.

"Ina joto," akanong'ona.

"Ni hariri, Mama."

"Si hariri." Akamshika tumbo kwa vidole vya baridi. "Haya. Minne au miwili, nitarudi humu humu."

Akakata roho mkono ungali pale. Ikabidi wambandue kidole kimoja kimoja.

Uchungu ulimshika Qiuniang miezi miwili baadaye, mchana, jua linawaka. Mtoto akatoka. Msichana. Hakulia.

Mkunga Pang akamfuta, akachukua shati la kwanza, lililokatwa kwenye nguo kuukuu ya marehemu ili mtoto arithi umri wake. Shati la kwanza halina kola. Akamvika. Akamgeuza amfunge kamba. Akamfunika shingo kwa kiganja.

"Nipe mwanangu."

"Subiri."

"Ana nini?"

"Ana miguu miwili," mkunga akanong'ona. "Shukuru hilo."

Akamlaza kifuani pa mama. Qiuniang akapitisha kidole shingoni mwa mtoto, na kidole kikazama. Manyoya. Ya kijivu, mazito, konzi nzima. Mtoto akafumbua macho, akamtazama jinsi mtu anavyotazama mshono mbaya. Kisha akamwekea mkono tumboni. Vidole vilikuwa baridi.

"Nilete ndoo?" mkunga akauliza.

Qiuniang akamkumbatia mtoto kwa nguvu zake zote, akalia kwa uchungu, kwani alikuwa keshampenda.

Alimnyoa kila asubuhi. Jioni yalikuwa yamerudi. Na yule mbwa, pale alipokatwa shingoni, hapakuota tena hata unyoya mmoja.