Jina la Tatu Kitabuni

Saimi ni jirani yetu hapa Rovaniemi, kaskazini mwa Ufini. Yaliyompata Septemba moja aliyasimulia mara moja tu.

Siku ilianza vizuri. Yeye na kaka yake Oiva walifika saa nane mchana kwenye kibanda cha wasafiri wa nyikani, jua likimetameta ziwani, vichaka vyote vikiwa vyekundu, kama ilivyo huku kabla ya theluji. Oiva akawasha jiko, akachemsha kahawa.

"Kahawa gani hii, kaka? Maji ya kusuuzia sufuria!"

"Kunywa, profesa. Kisha ujaze kitabu, usije ukasema nimeruka nukta."

Kila anayefika kibandani huandika kitabuni majina, idadi ya watu na wanakoelekea. Waokoaji hukitegemea. Saimi akaandika kama alivyozoea tangu utotoni: Oiva, Saimi, Tapani. Watu watatu.

Kalamu ikasimama. Tapani alikuwa baba yao. Alizama katika ziwa hilo hilo mwaka uliotangulia. Mwili haukupatikana.

"Futa," Oiva akanong'ona.

"Kitabu hakifutwi."

Mlango ukagongwa.

Kibanda kilikuwa na vitanda viwili tu. Na desturi ya vibanda vile haina mjadala: anayefika mwisho hafukuzwi. Aliyekwisha kupumzika ndiye humpisha.

Oiva akafungua. Hapakuwa na mtu. Lakini sakafuni zikatokea nyayo za maji. Moja. Nyingine. Zikafika kitandani kwa Oiva, na mbao zikalia kama mtu mzito anajilaza.

Oiva akachukua begi lake.

"Usitoke, kaka. Nakuomba."

"Mimi nimeshapumzika, Saimi. Acha nimpishe mzee."

Hakuwa na hofu hata chembe. Saimi akamkamata mkono. Ulikuwa wa baridi, umelowa. Ukamponyoka.

Oiva alitembea moja kwa moja hadi majini. Hakugeuka. Saimi alimfuata mbio, akiita, mpaka maji yakamfika kifuani. Mbele yake ziwa lilikuwa limetulia, halina hata wimbi.

Waokoaji walitafuta siku sita. Hawakupata hata kofia. Siku ya mwisho kiongozi wao akafungua kitabu, akasoma, kisha akamgeuzia Saimi ukurasa.

Chini ya mwandiko wake palikuwa na mstari mpya, herufi zimelalia kushoto kama alivyoandika baba yao. Wino ulikuwa haujakauka.

*Watu watatu. Wawili wamefika.*