Koma za Mzee Dzombo

Jamaa zangu, asubuhi za kijijini kwetu Mwatunda, huku juu ya Msambweni, zilikuwa tulivu. Sisi ni mchanganyiko: Wadigo tunaoswali, Waduruma wa mbuzi na mahindi, na Wakamba waliogawiwa mashamba hapa, wenye kanisa lao la mabati. Mzee Dzombo, Mduruma, alikuwa jirani wa Nthenya, mjane wa Kikamba. Mbuzi wao walilala zizi moja. Kila kulipopambazuka mzee alimimina maji na unga kidogo chini, akawataja wazee wake waliotangulia na kuwaomba wailinde nyumba yake na ya jirani. Hao ndio koma kwa lugha yake, roho za wahenga. Kisha Mbinya, binti mdogo wa Nthenya, alimletea chai. Mzee alimwita "mke wangu," kwa utani wa babu na mjukuu, akamlalamikia kwamba chai haina sukari. Mtoto alicheka mpaka nusu ya chai ikamwagika.

Mimi ni Mwanaima, mpika vitumbua, jirani yao wa upande wa chini. Nayasema haya kwa hasira, wala sitaomba radhi kwa hasira hiyo.

Tulikuwa na kundi la Wasapu la kijiji. Lilianzishwa kwa habari za maji na misiba, lakini maji yalisahauliwa upesi, likawa uwanja wa kupigania imani. Upande mmoja alikuwa Japheth, kijana wetu wa Kiduruma anayefanya kazi katika hoteli moja Galu. Yeye haamini Mungu wala mizimu, na hiyo ni haki yake. Upande wa pili alikuwa Kivuva, mzee wa kanisa, ambaye humwona shetani hata simu ikizima chaji. Japheth akicheka, Kivuva akilaani, na kijiji kizima kikishangilia kama mpira. Nani angedhani mpira huo ungemwangukia mtu asiyecheza?

Mbinya akashikwa na homa kali. Nthenya akampakia kwenye bodaboda hadi hospitali ya Msambweni. Kundini tukatuma pole. Mzee Dzombo hajui kuandika, basi mkaza mwanawe, Kadzo, akamwandikia: "Baba asema: Nthenya, usilie. Mtoto nimemkabidhi kwa koma."

Hayo ni maneno ya mapenzi, ndugu zangu. Ni kama mimi kusema namwachia Mola. Nthenya aliyajua, akajibu, "Asante sana, baba."

Kesho yake adhuhuri Nthenya akaandika tena: "Tuombeeni. Malaria imepanda kichwani. Daktari amesema Mbinya ameingia koma."

Mmeliona neno? Daktari alimaanisha mtoto amepoteza fahamu. Mzee alimaanisha wahenga wake. Neno moja, vinywa viwili, na kati yavyo ukapita moto.

Japheth aliijua tofauti. Nyanya yake alimlea akizitaja koma hizo hizo. Lakini alizipiga picha zile jumbe mbili, akazipanga pamoja na kuandika juu yake: "Mzee Dzombo moja, daktari sufuri! Mchawi wetu hutangaza kabla ya hospitali." Akaweka sura za kucheka, akatuma kwetu na kwa makundi ya Ukunda. Alitaka watu wawacheke waumini. Wenzake wa hotelini walicheka. Wasioijua lugha yetu hawakucheka.

"Amekiri mwenyewe," Kivuva akaandika. "Lisemwalo lipo. Mcha Mungu anajua la kufanya."

Nikaandika, "Koma si ugonjwa, ni wahenga wake! Muulizeni mwenyewe!" Ujumbe wangu ukazama katikati ya vicheko na laana. Kadzo naye alipojaribu kueleza akaambiwa kumbe wachawi ni wawili.

Asubuhi iliyofuata walikuja. Wengine niliwajua tangu wakinyonya, wengine walitoka Ukunda kwa pikipiki, na petroli ndani ya chupa za soda. Mzee alikuwa akikaza miti ya zizi. Nilikimbia nikiwa na unga mikononi.

"Karibuni, wanangu," mzee alisema. "Mbona hampigi hodi?"

"Mtoto wa Nthenya umemfanya nini?"

"Nimemwombea."

"Umemwombea kwa nani?"

"Kwa koma."

"Mmesikia? Amerudia!"

Maskini mzee, kila alivyosema kweli ndivyo walivyosikia ungamo. Jiwe likampiga usoni. Kadzo akamlalia juu, nami nikasimama mbele yao na kumpigia Nthenya simu, nikafungua sauti mpaka mwisho.

"Mama Mbinya, wanataka kumuua baba!"

Sauti yake ilitoka imepasuka. "Nani wako hapo? Kivuva, na wewe uko? Mtoto amefungua macho! Ameomba maji! Mimi ndiye nimemzaa, na mimi simshtaki mtu! Huyo mzee ni baba yangu. Mkimuua, mje mniue na mimi huku wodini!"

Kivuva, aliyekuwa amesimama nyuma na Biblia kwapani, akainamisha kichwa. Wengine wakaangusha mawe. Lakini petroli ilikuwa imesharushwa, na makuti ya paa yalikuwa yameshawaka. Nyumba ikateketea, zizi likateketea na mbuzi waliokuwamo, wa mzee na wa Nthenya. Mzee aliokoka, ila jicho la kulia halikuokoka.

Mbinya aliporudi nyumbani, wanakijiji tulikutana shuleni kulizungumza jambo hilo. Wapo waliomshauri mzee ahamie kwa jamaa zake Kinango mpaka mambo yatulie.

"Sihami," alisema. "Ahame aliyekuja na petroli."

Japheth alikuwa amekuja kutoka Galu. "Shikamoo, babu. Pole sana. Ilikuwa joke tu, sikujua wangeichukulia serious."

"Marahaba. Mjukuu wangu, kutoamini kwako hakukunichoma. Ulilijua neno, ukaificha maana yake ili wenzako wacheke. Hilo ndilo lililonichoma."

Japheth akaitazama bendeji iliyofunika jicho la mzee. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, na usaha wenyewe tuliuona kwenye ile bendeji.

Baadaye Japheth akapendekeza mambo ya imani yapigwe marufuku kundini. Kivuva akataka waondolewe wasio na dini, pamoja na wanaozitaja koma. Nikasimama.

"Hatoki mtu kwa kuamini, wala hatoki mtu kwa kutoamini! Japheth atasema 'siamini' na atajibiwa, hatalaaniwa. Mzee atasema 'naamini' na ataulizwa, hatachekwa. Neno la dini ya mwenzako usilolijua, muulize mwenyewe kabla hujalihukumu. Na ujumbe wa mtu hautoki nje bila idhini yake."

"Na tukiona uchawi, tunyamaze?" Kivuva akauliza.

"Usilitaje jina la mtu pamoja na ugonjwa wa mtu mwingine. Ukifanya hivyo unatoka, hata kama ni mzee wa kanisa."

"Nani amekupa mamlaka hayo, mwanamke?"

"Mimi," Nthenya akajibu, Mbinya akiwa mgongoni. "Aliyekuwa mgonjwa ni wangu. Kuna mwingine anataka kuuliza?"



FUNZO

Ndugu msomaji, usidanganyike kwamba kilichomchoma Mzee Dzombo ni imani, au ni ukosefu wa imani. Mwenye shaka alijua akadharau, mwenye imani akashuku, wala hakupanda njia fupi ya kwa mzee kwenda kuuliza. Bishaneni, kwani kubishana si dhambi. Lakini simu isikufanye umtendee jirani jambo ambalo usingethubutu kumtendea uso kwa uso. Muulize mtu maana ya neno lake kabla hujacheka na kabla hujalaani.

Wapo wanaoniambia nilifute simulizi hili kwa sababu linaaibisha kijiji. Silifuti. Wawili kati ya waliobeba petroli bado wamo kundini, na kila asubuhi hututumia dua. Mimi husoma dua zao. Nao wasome haya.