Maji ya Bomba kwenye Gari la Baba

Kila Ijumaa, kabla taco, vile vichapati vya nyama, hazijafika mezani, Tuva alikagua gari. Baba yake, Roald, alikuwa amemfundisha mwenyewe: chomoa kijiti cha oili, kifute, kichovye tena ndipo ukisome, pima upepo wa matairi, washa taa zote, kisha jaza maji ya kuoshea kioo cha mbele. Majira ya baridi maji hayo yalikuwa ya buluu, yenye dawa ya kuzuia kuganda, na galoni lake lilikaa ghalani.

Ijumaa hii harufu ya nyama ilikuwa imefika mpaka uani. Tuva alikagua oili, matairi na taa vizuri tu. Lakini njia ya ghalani ilikuwa imefukiwa na theluji, na njaa ilimuuma. Akachukua jagi jikoni, akatia maji ya bomba kwenye tangi la kuoshea kioo, akafunga boneti.

"Maji ya kioo je?" Baba aliuliza wakila.

"Nimejaza."

Si uongo, alijiambia. Uvivu haukosi wakili.

Jumatatu asubuhi walimpeleka Bibi Eldbjørg, mama yake Baba, hospitali ya mji wa Lillehammer akatolewe mtoto wa jicho. Bibi alikuwa ameingoja siku hiyo tangu kiangazi, na Tuva aliomba ruhusa shuleni ili amshike mkono.

Wakiwa njiani, lori likawapita na kuwarushia tope la theluji na chumvi. Kioo kikafunikwa chote. Baba akabonyeza maji. Pampu ikanguruma, lisitoke hata tone. Wipa zikazidi kulipaka tope. Baba akapunguza mwendo, akitafuta ukingo wa barabara kwa kubahatisha.

"Sioni kitu!"

"Karibu, mwanangu," Bibi akasema. "Mimi ndivyo ninavyoona tangu mwaka jana."

Hakuna aliyecheka.

Waliposimama salama kituo cha basi, Baba akatoa simu kwa hasira. "Ni Sverre huyu! Juzijuzi tu katoka kulihudumia gari, kapokea hela yetu, na maji hayatoki. Ngoja nimpe vidonge vyake!"

Tuva alimwona akilini Sverre, fundi mpole wa kijijini kwao, akitukanwa bila kosa.

"Baba, usimpigie. Ni mimi. Nilitia maji ya bomba, yameganda."

"Si ulisema umejaza?"

"Nilijaza. Sikusema nimejaza nini."

Baba akarudisha simu mfukoni. Kisha wakashuka wote wawili, wakasugua kioo kwa theluji na kitambaa. Kila lori lilipopita walisimama tena wakasugua upya, mpaka mjini.

Walichelewa. Nafasi ya Bibi alikuwa amepewa mgonjwa mwingine. Muuguzi alisema wangemhudumia mwisho kabisa, kama angeweza kungoja. Bibi akakaa kungoja.

"Nisamehe, Bibi," Tuva alisema huku analia.

"Nimekusamehe. Ila sikiliza, mjukuu wangu. Anayekagua gari amebeba roho za wote watakaopanda, nao hawatafungua boneti kuhakikisha. Wanaamini neno lako tu. Kosa la kioo tumelifuta kwa theluji. Lakini ungenyamaza pale kituoni, Sverre angeitwa mwizi kijiji kizima. Hilo tungelifuta kwa kitu gani?"