Mtambo wa Kwenda Kigoma

Abasi alikuwa amelala chali mtaroni, nyuma ya ghala alilokuwa akililinda pale Kihonda. Baraghashia yake imenasa kwenye majani. Kurunzi yake ilikuwa bado inawaka ingawa jua lilishachomoza.

Inspekta Regina Kobelo alichutama kando ya maiti. Hakugusa kitu.

"Kisogo kimegonga ukingo wa zege," alisema daktari wa polisi. "Kifuani kuna michubuko. Amesukumwa."

"Hakupigwa?"

"Hakupigwa. Amesukumwa, akaanguka vibaya."

Mlango wa ghala ulikuwa wazi. Kufuli lilikuwa zima. Lilifunguliwa kwa ufunguo. Ndani, mahali ulipokuwa mtambo wa kusafishia maji, palibaki sakafu tupu. Pipa moja la klorini lilikuwa limeangushwa likapasuka, na unga wake umetapakaa hadi mlangoni, ambako manyunyu ya usiku yaliugeuza uji mweupe. Harufu yake ilichoma pua.

Msimamizi wa ghala, Furaha, mama wa Kikongo aliyeajiriwa na shirika la misaada, alisimama nje ya utepe wa polisi akijishika kichwa.

"Mtambo ulikuwa unakwenda wapi?" Regina alimuuliza.

"Kigoma, afande. Kambini. Vita imewaka tena kule kwetu, watu wanavuka ziwa kila siku. Wanachota maji kwenye madimbwi. Kipindupindu kimeshaingia. Lori lilikuwa liondoke leo."

"Hamna mwingine?"

"Mwingine ni wa kuagiza ng'ambo. Mpaka ufike tutakuwa tumezika wengi."

Regina alitazama lile lori tupu uani.

"Basi utaondoka huu huu," alisema. "Funguo za ghala wanazo nani?"

"Mimi. Abasi, wake ule pale kiunoni. Na Fidelis, fundi wetu."

Fidelis alikuwa getini analia, amevaa suruali ya kazi ya bluu. Koplo Rehani alimleta.

"Abasi ulimwona lini mara ya mwisho?"

"Jana jioni, afande. Tulikula pamoja."

"Usiku ulikuwa wapi?"

"Nimelala nyumbani."

"Ufunguo wako?"

"Huu hapa."

"Mbona magoti yamelowa?"

"Nimeteleza barabarani nikija. Nilipigiwa simu, nikatoka mbio."

Jibu lilikuja haraka, lakini halikuwa na kasoro. Alama zake za vidole zilijaa ghala zima, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Dereva wa lori naye alikuwa amelala nyumba ya wageni Msamvu, na mhudumu alithibitisha. Regina aliwachukua wote kituoni kuandikisha maelezo.

Huko ndiko suruali ya Fidelis ilikokauka. Na ilivyokauka, ikaanza kupauka. Magotini na mapajani yalijitokeza madoa meupe, kama nguo iliyomwagikiwa jiki.

Regina aliyaona alipokuwa akimsogezea kiti. Alitoka nje, akamwita Furaha.

"Yale mapipa yalifunguliwa jana?"

"Hapana. Yote yalikuwa na lakiri nilipofunga ghala."

"Na leo asubuhi Fidelis aliingia ndani?"

"Polisi wako hawakumruhusu mtu, afande."

Regina alirudi chumbani, akakaa.

"Wewe ni fundi wa maji, Fidelis. Klorini mbichi ikishika nguo inafanyaje?"

Fidelis aliinamisha macho, akayaona magoti yake. Aliyafunika kwa viganja.

"Lile pipa limepasuka usiku wa jana. Kabla ya hapo hakuna aliyegusa unga ule. Si lazima useme lolote, na utakalosema litaandikwa. Mtambo uko wapi?"

Fidelis aligeuzia uso ukutani.

"Umeuza?"

"Siuzi maji mimi!" Fidelis alifoka, kisha akaufumba mdomo wake kama mtu aliyejiuma ulimi.

Hakuuza. Basi aliuchukua autumie. Furaha alipoulizwa, alikumbuka mara moja: fundi huyo alikuwa amemwomba mtambo tena na tena kwa ajili ya kijijini kwao, milimani huko Matombo, naye kila mara alimjibu kwamba msaada ule ni wa wakimbizi.

"Rehani, washa gari," alisema Regina.

Barabara ilikuwa tope tupu. Walipofika pabaya gari lilizama hadi ekseli, na badala ya kusubiri trekta Regina alivua viatu akapanda kilima kwa miguu kati ya migomba, Fidelis mbele na pingu mikononi, Furaha na Rehani nyuma.

Vigelegele viliwapokea kabla hawajafika. Kando ya mto, chini ya turubai, ulisimama mtambo, na wanawake wamepanga ndoo zao mbele yake wakimsubiri fundi aje auwashe.

Waliziona pingu. Vigelegele vikakatika.

Bibi mmoja alijitokeza. Alikuwa Angelina, mama yake Fidelis.

"Shikamoo, mama," alisema Regina.

"Marahaba. Mwanangu amefanya nini?"

Regina alimgeukia Fidelis. "Mwambie."

Fidelis alimgeukia mama yake.

"Mtambo haukutolewa na shirika, mama. Niliiba. Nilikodi pikapu ya ndizi, nikaiacha barabarani. Nikiwa nauburuta kutoka ghalani, Abasi akanishika. Akaniambia, 'Fidelis, hiki ni cha watu waliokimbia risasi.' Nikamsukuma anipishe. Akaanguka. Nikamwita, hakuitika."

"Ukamwacha," alisema Regina.

"Nikamwacha. Dereva wa pikapu akanisaidia kuupakia, nikautuma huku." Alimtazama Furaha kwa hasira na machozi. "Masika yaliyopita nilimzika binti yangu Joyce. Wachimba dhahabu wamechafua mto huko juu, tunakunywa matope. Kila mwezi nafungia watu mitambo ya maji safi, watu nisiowajua. Wangu amekufa kwa kuharisha!"

"Mimi ni mmoja wa hao usiowajua," Furaha alimjibu taratibu. "Mdogo wangu aliokoka risasi. Tulipovuka ziwa akanywa maji ya dimbwi. Nilimzika pale pale, kando ya ziwa."

Mto ulipita, rangi ya chai ya maziwa.

Bibi Angelina alikwenda kwenye ndoo yake, ya kwanza kwenye foleni, akaipindua.

"Mjukuu wangu kauawa na maji machafu," alisema. "Huyo mlinzi, mtoto wa watu, kauawa na haya safi. Mimi nitayanywaje, Fidelis? Yatapita wapi?"

Fidelis alipiga magoti kwenye tope. "Andika, afande. Nilimuua mimi. Nitatia sahihi."

Wanawake ndio walioanza kukata miti ya kuubebea mtambo kuurudisha. Furaha aliwaambia atarudi kupima chanzo chao cha maji. Zaidi ya hapo hakuahidi. Mtambo ulinyanyuliwa mabegani, ukaanza kuteremka kilima.

"Msiuinamishe!" Fidelis aliwapigia kelele. "Chujio litapasuka! Walio mbele, inueni!"

Rehani alitaka kumnyamazisha. Regina alimzuia kwa mkono.

"Mwache," alisema. "Ufike mzima."

Wakateremka hivyo hadi barabarani, mwenye pingu akitangulia kinyumenyume, akiwaelekeza pa kukanyaga.