Filimbi Isiyovuta Pumzi

Kila jioni kazi za Mizuho zilikuwa zile zile: kuosha mchele mpaka maji yaache kuwa meupe, kuupika katika sufuria ya umeme, kisha kubonyeza kitufe cha maji ya kuoga. Beseni likijaa, mashine ya ukutani ilipiga wimbo wake mfupi, mwembamba, usiobadilika siku zote. Karibu wakati huohuo mama yake alirudi kutoka makao ya wazee alikofanya kazi. Alivua viatu mlangoni na kusema, "Nimerudi," kwa sauti ya mtu aliyeshinda akiwainua na kuwalaza watu wazima wenzake. Mizuho alijibu, "Karibu nyumbani," bila kugeuza kichwa.

Jioni hiyo, kabla mama hajafika sebuleni, simu ililia.

Alikuwa Mwalimu Nagase, mlezi wa klabu ya kompyuta. Mizuho alimwona mama yake akiiinamia simu kwa heshima, kana kwamba mwalimu amesimama mbele yake.

"Hapana, Mwalimu, ni kitu kidogo tu," mama alisema. Akasikiliza, akainama tena. "Jumapili? Nitajitahidi."

Mizuho alibaki na mwiko wa wali mkononi. Alijua vizuri simu ile ilihusu nini.

Klabu yao ilikuwa ikitengeneza mchezo wa kompyuta kwa ajili ya tamasha la shule, na yeye ndiye aliyepewa muziki. Alikuwa ameupanga kwenye kompyuta, noti moja baada ya nyingine, hasa wimbo wa filimbi wa pale msichana wa kwenye mchezo anaporudi nyumbani na kukuta hakuna mtu. Kotaro, kiongozi wao, aliusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mizuho, wimbo wako unanijulisha kwamba maji ya kuoga yako tayari." Klabu nzima ikacheka. Kotaro akamtaka aurudie, usikike kama unapigwa na mtu.

Alikuwa amechoka. Katika programu yake kulikuwa na kitufe cha kutikisa noti: nyingine zinawahi, nyingine zinachelewa, hii kali, ile hafifu, ovyo ovyo tu. Akakibonyeza. Kesho yake Kotaro alisikiliza akiwa ameshika kidevu, akauliza ni nani aliyepiga filimbi.

"Mama yangu," Mizuho alisema. Neno lilitoka kabla hajalipima.

Waliamini mara moja, kwa kuwa picha ya mama yake, akiwa msichana mwenye filimbi katika bendi ya shule, bado ilikuwa ukutani nje ya chumba cha muziki. Hawakujua kwamba filimbi yenyewe ilikuwa imelala kabatini miaka mingi, chini ya mablanketi ya majira ya baridi. Sasa Mwalimu Nagase alitaka mama aje kwenye tamasha Jumapili aipige mbele ya watu.

Mizuho alipomweleza yote, pamoja na kile kitufe, mama hakugomba. Alikaa sakafuni, akaegemea kabati, akaomba asikilizishwe wimbo huo. Alifumba macho, hata Mizuho akadhani amelala.

"Huyu mpiga filimbi anavuta pumzi wapi?" akauliza wimbo ulipokwisha.

Mizuho hakuelewa. Mama akamwambia auimbe mwenyewe, mfululizo, bila kusita. Kabla ya kufika katikati, uso ulimwiva na sauti ikakatika.

"Hapo ulipokatika, na filimbi ikatike hapo."

Kitufe kile, mama alimweleza, kilizirusha noti kama mtu anayepepeta maharage. Binadamu hakosei hivyo. Huchelewa kidogo kwa sababu anajikusanya kupanda juu; hufifia kwa sababu pumzi inamwishia; akishavuta nyingine, huanza na nguvu mpya. Basi mama akawa anaimba taratibu, mkono tumboni, na Mizuho anasogeza noti, anafupisha mwisho wa hii, anapunguza sauti ya ile. Ilikuwa kazi ya kuchosha. Mara mbili mama alisinzia katikati ya mstari, akazinduka na kusema, "Hapo tena." Maji ya kuoga yakapoa.

Walipomaliza, mama alisugua macho.

"Wimbo umepona. Umebaki wewe," alisema. "Mwalimu nilimjibu vile kwa sababu ya kukusitiri, lakini sitakusitiri tena. Uongo ni kama ile filimbi yako, mwanangu. Ukishauanza hauna mahali pa kuvuta pumzi. Kesho ukapumue."

Kesho yake Mizuho alisimama mbele ya klabu na kusema yote.

"Kwa hiyo tulikuwa tunakisifu kitufe," Kotaro akasema.

Hakuna aliyecheka, na hilo lilimuuma Mizuho kuliko kicheko. Akaupiga wimbo mpya. Ulipokwisha, Kotaro aliomba urudiwe, akaonyesha mahali kwenye skrini. "Hapa mtu huyu amechoka. Ni nani?"

"Ni sisi wawili. Mama aliimba, mimi nikapanga."

Kotaro akasema wauweke huo. Mwalimu Nagase alimwambia Mizuho kwamba angempigia mama simu, amwondolee deni la Jumapili.

Jioni mchele ulioshwa, kitufe kikabonyezwa, beseni likaimba. Mama aliingia, akavua viatu, akasema amerudi. Kisha akauliza jambo ambalo hakuwa ameliuliza.

"Ungeweza kusema umepiga mwenyewe. Kwa nini ulinitaja mimi?"

Mizuho aliweka mwiko chini. Safari hii aligeuza kichwa, akamtazama.

"Kwa sababu nilitamani iwe kweli," alisema. "Nataka upige tena, Mama. Hata kama utachoka katikati."